Mwongozo kamili wa matairi ya gari: yanakaa muda gani, utajuaje yamekufa, na ukienda kununua uangalie nini

Wengi wetu tukiulizwa tairi linakaa muda gani tunajibu kwa kilomita, au tunainama tunaangalia kashata, yale matofali ya raba yanayogusa barabara, zikiwa bado ndefu tunasema tairi zima hili. Hapo ndo tatizo linapoanzia, sababu tairi linakufa kwa njia mbili, kuna kusagika barabarani na kuna kuzeeka kwa raba yenyewe, na hiyo ya pili huioni kwenye kashata. Tairi la miaka 11 lenye kashata nzuri tu ndo linaloweza kupasuka mchana kweupe kati ya Chalinze na Morogoro gari ikiwa spidi mia na watoto wamelala siti ya nyuma. Kwa hiyo hii ni ndefu kidogo ila soma yote kabla hujatoa hela, maana muuza tairi hatakwambia hata nusu yake.

Anza na umri, kashata baadaye

Kwenye ubavu wa kila tairi kuna maandishi yanayoanza na DOT halafu herufi na namba kibao, wewe shughulika na tarakimu nne za mwisho tu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019, yani kama mwezi wa sita hivi. Ukikuta tarakimu tatu tu hilo ni la kabla ya mwaka 2000, usikae hata kulijadili.

Watu wanakwama hapa: unaangalia ubavu wa nje unakuta DOT imeandikwa ila zile tarakimu nne hamna. Usidhani zimefutika, matairi mengi yana namba kamili upande mmoja tu, na fundi akilifunga upande huo ukaangalia ndani ndo basi. Kata usukani mpaka mwisho, tairi la mbele litajitokeza, washa tochi ya simu uchungulie ubavu wa ndani, futa vumbi na kitambaa chenye maji utaziona. Kwa ya nyuma itabidi uchungulie chini ya gari, au usubiri siku gari ipo kwenye jeki.

Sasa miaka mingapi ndo mwisho? Michelin wanasema tairi likishatumika miaka 5 likaguliwe na mtaalamu kila mwaka, na likifika miaka 10 tangu litengenezwe litolewe hata kama kwa macho linaonekana zima. Ford kwenye vitabu vyao vya gari wanasema miaka 6, kashata ziwepo zisiwepo. Mi kwa joto la Dar, Tanga, Mombasa, Dodoma nashika miaka 6 na sishauri mtu asogee zaidi ya hapo kama gari yake inapiga safari ndefu. Joto ndo linaloharakisha kuzeeka, hewa ya oksijeni inaingia kwenye raba taratibu na kuikausha, na kadiri kulivyo na joto ndo kazi hiyo inavyokwenda haraka. Gari ikiwa imepaki tu juani tairi linazeeka vilevile, kwa hiyo ile ya "gari yangu haitembei sana" haikusaidii kitu, tena tairi lisilozunguka linapata nyufa mapema.

Na spea. Jamani tuangalie spea. Gari imetoka Japani na spea yake ya kiwandani, haijawahi kuguswa, kashata mpya kabisa na vile vinywele vya raba bado vipo, ukisoma DOT unakuta imeandikwa 08 au 09 mwishoni. Hiyo ndo tunaifunga usiku porini baada ya pancha halafu tunaendelea na spidi ileile. Spea ya namna hiyo ni ya kukufikisha gereji ya karibu kwa mwendo wa pole, zaidi ya hapo hapana.

Kashata sasa

Tairi jipya la gari ndogo lina kina cha kama milimita 8. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya kisheria mwisho ni milimita 1.6, na ndani ya mifereji ya tairi lolote kuna vituta vidogo vya raba vimewekwa makusudi kwenye kina hichohicho, mara nyingi ubavuni kuna kimshale au herufi TWI inayokuonyesha pa kuangalia. Kashata ikilingana na hicho kituta, tairi limekwisha, hamna mjadala.

Ila usisubiri mpaka hapo. Kazi ya mifereji ni kutoa maji chini ya tairi, na chini ya milimita 3 uwezo huo unashuka sana, kipindi cha masika ukikanyaga dimbwi kwenye lami ukiwa na spidi gari inaelea, usukani unakuwa mwepesi ghafla na breki haishiki. Nunua geji ya kupimia kina, ni kitu cha bei ndogo, pima sehemu tatu kwa upana: ndani, katikati, nje. Usipime katikati peke yake.

Hizo sehemu tatu zinakueleza mengi kuhusu gari yako. Katikati kumeliwa kuliko pembeni, unajaza upepo mwingi. Pembeni kote kumeliwa katikati kupo, upepo mdogo, na hii ndo naiona sana. Ukingo wa ndani peke yake umeliwa, hiyo ni alaimenti, yani magurudumu hayajanyooka sawasawa, au bushi zimechoka, na ndo ya hatari zaidi sababu kwa nje tairi linapendeza wakati kwa ndani waya zinakaribia kutokeza. Likiwa na mabonde mabonde, limeliwa hapa halijaliwa pale, angalia shokapu na balansi. Sasa ukibadilisha tairi bila kurekebisha kilicholila, jipya nalo litaliwa hivyohivyo ndani ya miezi michache, hela imepotea.

Ubavu, pancha na "kuchonga"

Pitisha kiganja ubavuni pole pole. Ukigusa nundu, hata ndogo ya ukubwa wa nusu limau, tairi hilo halifai. Nundu maana yake nyuzi za ndani zimekatika, mara nyingi umepiga shimo au kingo ya barabara kwa nguvu, na hapo upepo unashikiliwa na raba tupu. Haliwekewi kiraka, linatolewa. Nyufa ndogo kama nywele kwenye raba iliyozeeka zinaanza ubavuni na chini ya kashata, ukiona zimeanza kufunguka unapolikandamiza, muda wake umekwisha.

Pancha inazibwa eneo la kashata peke yake, na tundu lisizidi milimita 6. Ubavuni haizibwi, fundi yeyote atakayekwambia anaweza kuziba ubavuni hata kwa kushona, mshukuru uondoke. Ile ya kuchomeka kamba yenye gundi kwa nje inakutoa njiani, lakini kazi sahihi ni kulivua tairi kwenye rimu, kulikagua ndani, na kuweka kiraka chenye kizibo kinachojaza tundu kutoka ndani. Ukitembea na tairi limeisha upepo hata mwendo mfupi mwambie fundi alivue akague ndani, ukikuta ungaunga mweusi wa raba umemwagika humo basi ubavu umeshasagika, linatupwa hata kama nje halina alama.

Na kuna hii ya kuchonga tairi kipara kwa kisu cha moto lirudi kuwa na mifereji halafu linapakwa rangi nyeusi linang'aa. Tairi la gari ndogo halina raba ya ziada ya kuchonga, ukichonga unakaribia waya. Yanayoruhusiwa kuchongwa ni ya malori na mabasi yaliyoandikwa REGROOVABLE ubavuni. Ukikuta kingo za mifereji ni kali mno na kina hakilingani, na vile vituta vya TWI havionekani popote, limechongwa hilo.

Kwa kilomita je?

Tairi la kueleweka, gari ndogo, lami, upepo sahihi, tegemea kilomita 40,000 mpaka 60,000. Njia za vumbi na kokoto, mizigo, breki za ghafla na upepo mdogo vinashusha hiyo namba sana. Gari inayovuta kwa mbele inakula za mbele kwanza, ndo maana tunazungusha, za nyuma kwenda mbele, kila kilomita 8,000 hadi 10,000, karibu sawa na muda wa kumwaga oili kwa wengi wetu, kwa hiyo fanya vyote siku moja.

Hili la matairi ya theluji lisomwe na kila anayeagiza gari Japani

Gari nyingi zinazotua bandarini zinakuja na matairi ya baridi, hasa zilizotumika Hokkaido na kaskazini kule kwenye theluji, na matairi hayohayo yanakuja pia kama mtumba. Ukiyaona yanavutia, kashata nene, Bridgestone Blizzak, Yokohama iceGUARD, Dunlop Winter Maxx, majina makubwa, mtu anaona amepata zali. Utayajua hivi: ubavuni imeandikwa STUDLESS, au kuna mchoro wa mlima wenye chembe ya theluji ndani, na kwenye kila tofali la kashata kuna vijikato vingi vyembamba vya mawimbi mawimbi. Ukibonyeza kwa kucha inazama kirahisi.

Raba yake imetengenezwa ibaki laini kwenye barafu. Sasa ipeleke kwenye lami ya Dar saa nane mchana, inakuwa laini kupita kiasi, gari inayumba kwenye kona, breki inachukua umbali mrefu na kashata zinasagika haraka. Mengi yana herufi ya spidi Q, mwisho kilomita 160 kwa saa, na hiyo ilipimwa likiwa jipya lenye afya. Kingine, matairi haya yana alama ya pili ya kuisha kwenye nusu ya kina, likifika hapo kwa Mjapani halifai tena theluji, kwa hiyo hata "bado nusu" unayouziwa huku lilishamaliza kazi yake. Gari ikikujia nayo, tenga bajeti ya matairi tangu siku unapohesabu ushuru, usiyaache ya "kuyamalizia kwanza".

Kusoma saizi

Mfano 195/65R15 91V, saizi inayovaliwa na Premio, Allion na Noah nyingi. 195 ni upana kwa milimita, 65 ni urefu wa ubavu kama asilimia ya huo upana, R ni aina ya ujenzi ambayo siku hizi karibu yote ndo hiyo, 15 ni rimu kwa inchi. 91 ni uwezo wa mzigo, ila ni namba ya alama tu siyo kilo zenyewe, 91 ni kilo 615 kwa tairi moja, 88 ni kilo 560, 94 ni kilo 670. Herufi ya mwisho ni spidi: S ni 180, T ni 190, H ni 210, V ni 240.

Saizi sahihi ya gari yako ipo kwenye stika, fungua mlango wa dereva angalia kwenye nguzo ya mlango. Usichukue saizi kwa kusoma tairi lililofungwa, aliyekuwa nayo kabla yako anaweza kuwa alifunga chochote kile. Ukitaka kubadili rimu, kipenyo cha jumla kisipishane zaidi ya asilimia 3. 195/65R15 ina kipenyo cha milimita 634 na kidogo, 205/55R16 ina 632, hizo zinabadilishana vizuri kama rimu inaingia. Ukienda kubwa zaidi ili gari inyanyuke, spidomita inakudanganya na tairi linaanza kukwaruza ukikata kona.

Namba ya mzigo usishuke chini ya iliyotoka kiwandani, kamwe. Na hapa ndugu zangu wa Hiace na Probox tusikilizane. Hiace inatakiwa tairi la mzigo, 195R15 lenye C au LT na namba kama 107/105, ambapo 107 ni kilo 975. Mtu anaenda anafunga la gari ndogo sababu rimu ni 15 zote na bei iko chini, kisha anapakia abiria na magunia. Hiyo ni roho za watu, na abiria hana namna ya kujua amekalia nini.

Dukani

Mtumba kwanza. Najua hali ya hela, na sitamwambia mtu anunue asichoweza, ila mtumba una shida moja kubwa, huijui historia yake. Limetembea bila upepo? Limezibwa wapi? Ukilazimika, masharti ni haya: DOT isizidi miaka 4, liwe halijafungwa kwenye rimu ili uone ndani, kashata milimita 5 au zaidi, hamna kiraka karibu na ubavu, si la theluji, na yawe mawili yanayofanana. Akikataa kukuonyesha ndani, ondoka. Halafu piga hesabu, tuseme mtumba ni elfu 60 na linakupa kilomita 12,000, hiyo ni shilingi 5 kwa kilomita, na jipya la laki mbili linakupa 50,000, hiyo ni shilingi 4. Hapo bado hujaweka hela ya kufungisha mara nne.

Kwa mapya, Gerezani pale Kariakoo au popote, soma DOT kabla ya kulipa na soma ya kila tairi moja moja, sababu unaweza kupewa manne yenye miaka tofauti. Jipya lililokaa stoo ya kivuli mwaka mmoja hadi miwili mi nachukua bila wasiwasi. Lililokaa miaka minne juani mbele ya duka ni jipya kwa jina tu.

Brandi, usikwame kwenye majina sana. Makubwa kama Michelin, Bridgestone, Continental, Yokohama, Dunlop yanaaminika yakiwa halisi na yakiwa mapya. Chini yake kuna ya katikati kutoka Korea, Indonesia, Thailand, na kuna ya Kichina ambayo mengine ni mazuri tu. Cha kukusaidia kulinganisha ni maneno matatu ubavuni: TREADWEAR, TRACTION, TEMPERATURE. Ya kwanza ni namba, kubwa inamaanisha linachelewa kuisha, ila anayepima ni mwenye kiwanda mwenyewe kwa hiyo linganisha ndani ya brandi moja. TRACTION ni kusimama kwenye maji, AA ndo juu, chukua A kwenda juu. TEMPERATURE ni kuvumilia joto, kwa nchi zetu na safari ndefu tafuta A, B inavumilika, C liache dukani. Kati ya tairi la jina kubwa lenye miaka 6 na la kawaida lenye miezi 6 na A ya joto, nachukua la kawaida.

Mawili au manne

Kama hela ni ya mawili, yafunge nyuma. Wengi wanashangaa, wanataka mbele kwa sababu ya usukani. Mbele zikiteleza gari inanyooka na ukiachia mafuta inarudi, nyuma zikiteleza gari inazunguka na dereva wa kawaida hana cha kufanya, kwa hiyo zenye mshiko zikae nyuma hata kama gari inavuta kwa mbele. Usichanganye tairi mbili tofauti kwenye ekseli moja. Na gari inayovuta miguu yote muda wote, Forester kwa mfano, manne yawe sawa kwa saizi, brandi na kina, tofauti ikiwa kubwa difu ya katikati inafanya kazi bila kupumzika mpaka inaungua, na bei ya difu unaijua.

Kufunga, na wiki ya kwanza

Simama hapohapo kwa fundi. Tairi lenye mshale lifuate mshale, lenye neno OUTSIDE neno liwe nje. Valvu mpya, ni kitu cha bei ndogo na ya zamani ndo inayovujisha. Balansi lazima, bila hivyo usukani utatetemeka kwenye spidi 80 mpaka 100. Alaimenti ifuate siku hiyohiyo. Nati zikazwe kwa msalaba na si kwa kuzunguka duara, Toyota ndogo nyingi ni 103 Nm, kipimo cha nguvu ya kukaza, ile bunduki ya upepo ikikaza mpaka mwisho utashindwa kufungua siku ya pancha. Baada ya kilomita 50 hadi 100 zikazwe tena.

Upepo ujazwe kwa stika ya mlangoni, siyo kwa namba ya ubavuni. Ya ubavuni, 44 au 51 psi, ni mwisho wa tairi kuvumilia na haina uhusiano na gari yako. Stika ya Kijapani inaandika kPa, 220 ni psi 32, 230 ni psi 33. Pima asubuhi tairi likiwa baridi, likishatembea linapanda psi kadhaa na ukilipunguza hapo kesho utakuta limepungua. Kila mwezi linapoteza kama psi 1 lenyewe, kwa hiyo pima kila mwezi na kabla ya safari, spea pia. Naitrojeni si mbaya ila hewa ya kawaida tayari ni naitrojeni asilimia 78, hiyo hela ongezea kwenye geji yako.

Kilomita mia mbili tatu za mwanzo nenda taratibu, tairi jipya lina utelezi wa kiwandani mpaka lisuguke. Na yale ya zamani yaliyozeeka au yenye nundu, usimwachie fundi hivihivi, mwambie apasue ubavu kwa kisu ukiwa unaona, halafu ayachukue wa kukata katambuga. Yakiachwa mazima yatapakwa rangi na wiki ijayo yatakuwa chini ya daladala.